Kurudisha Windows ya zamani: usianze kwa kufuta

SWALI: Assalamu alaykum fundi. Nina steshenari ndogo hapa Wete, natoa fotokopi, nachapa barua na mitihani ya skuli mbili. Kompyuta yangu ni ya mezani, mtumba, i5 ya kizazi cha sita, RAM GB 4, diski ya kawaida ya GB 500. Niliinunua ikiwa na Windows 10. Mwezi uliopita fundi alinipigia Windows 11, akaniambia ile 10 imeshakufa. Tangu siku hiyo naiwasha, nateka maji, narudi, bado haijawaka vizuri. Word inaganda na printa yangu ya zamani haitambuliki kabisa. Mwanangu anasema turudishe Windows 7 kwa kuwa ni nyepesi. Nimeambiwa kuna kitufe cha kurudi nyuma, nimekitafuta sikukiona. Nifanyeje, na kazi zangu zisipotee? Mitihani yote imo humo.

JIBU: Wa alaykumu salaam bibie, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishughulisha zaidi ni maneno yako ya mwisho. Kompyuta nzito inaudhi, lakini mtihani wa watoto ukipotea siku chache kabla ya kufanywa, hakuna fundi atakayekuombea radhi kwa mwalimu mkuu. Kwa hiyo kabla sijasema lolote kuhusu Windows: leo, kabla hujafunga duka, nakili mitihani hiyo kwenye flashi mbili. Moja ibaki dukani, ya pili nenda nayo nyumbani. Mengine yote yanaweza kungoja.

Sasa swali lako. Ndiyo, Windows hurudishwa nyuma, na mashine yako inafaa kurudishwa. Ila nakuomba mambo mawili: usiende mpaka 7, ishia 10, na usiipige Windows 10 juu ya diski hiyo hiyo. Tia diski mpya, hii ya sasa itoe uiweke kama ilivyo.

Kitufe unachokitafuta kipo kweli. Mtu akipandisha Windows 10 kwenda 11 kwa njia ya kawaida, ile ya zamani haifutwi papo hapo. Hufungiwa kwenye folda inayoitwa Windows.old, na kwa siku 10 unaweza kuingia kwenye mipangilio, ukafungua “System”, halafu “Recovery”, ukabonyeza “Go back”, mashine ikarudi ilikotoka na mafaili yako yakiwa pale pale. Siku 10 zikipita folda husafishwa, na kitufe kinakwenda nacho. Msomaji mwingine ambaye bado yumo ndani ya siku hizo anaweza kujirefushia muda hadi siku 60: afungue kidirisha cha amri kwa ruhusa ya msimamizi, aandike DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60. Amri hiyo haifufui kilichokwisha futwa, kwa hiyo iandikwe mapema.

Wewe umeshatimiza mwezi. Lakini nahisi kwako kitufe hicho hakikuwahi kuwapo hata siku ya kwanza, na sababu yake ndiyo hiyo hiyo inayoinyima printa yako kutambuliwa. Nikueleze.

Windows 10 ilitoka kwa namna mbili, ya biti 32 na ya biti 64. Windows 11 ni ya biti 64 tu, ya 32 haikutengenezwa. Programu za biti 32 hufanya kazi ndani ya Windows ya biti 64 bila tatizo, lakini draiva hazivuki. Draiva ni kile kiprogramu kinachoifundisha Windows namna ya kusema na printa, na draiva iliyoandikwa kwa biti 32 haikubaliki kabisa kwenye Windows ya biti 64. Mashine nyingi za mtumba zenye RAM ndogo hupigwa Windows 10 ya biti 32, na nadhani yako ilikuwa hivyo. Kutoka biti 32 hakuna njia ya kupandisha kwenda 64, lazima upige upya kabisa. Fundi wako akipiga upya, kitufe cha kurudi nyuma hakitokei.

Hili unaweza kulipima leo bila kulipa hata shilingi. Nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza printa yako, andika nambari ya modeli, utafute draiva ya Windows 10 ya biti 64. Ikiwa hakuna, jaribu ya Windows 8 au hata ya 7, ilimradi iwe ya biti 64. Mara nyingi hukubali. Ukiipata, itie kwenye hiyo Windows 11 uliyonayo sasa. Printa ikichapa, umejua kwamba kinachotafutwa ni draiva sahihi tu, na utapiga Windows 10 ya biti 64 kwa moyo mkunjufu. Ukikuta kwamba kampuni ilitoa draiva ya biti 32 peke yake, hapo una uamuzi wa kufanya, na nitaurudia.

Kuhusu uzito. Hebu fanya jambo moja ukiwa umekaa mbele ya mashine. Iwashe, subiri mpaka ionyeshe dawati, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kidirisha kitafunguka chenye safu za CPU (prosesa, yaani ubongo wa mashine), kumbukumbu na diski. Angalia safu ya diski. Nadhani utaikuta imegota asilimia 100 na haishuki, wakati CPU yenyewe imekaa haina kazi. Kisha inama, angalia kile kitaa kidogo kilicho mbele ya sanduku, kinachopepesa diski inaposomwa. Chako kitakuwa kimewaka moja kwa moja kama taa ya chumbani. Ukiweka kiganja juu ya sanduku utahisi diski inatetemeka ndani. Hiyo ndiyo dakika unayokwenda kuteka maji.

Diski yako ni ya sahani inayozunguka, yenye sindano inayokwenda huku na huku kutafuta faili. Windows 11 inaanzisha shughuli nyingi kwa pamoja inapowaka, na sindano ni moja. Juu ya hapo RAM ya GB 4 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft wenyewe wamekiandika kwa Windows 11, na RAM ikijaa Windows huanza kuitumia diski kama RAM ya akiba. Diski iliyokwisha elemewa inaongezewa mzigo. Word haikugandishwa na Word.

Zaidi ya hayo, mashine yako haimo katika orodha. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane na kuendelea, pamoja na kichipu cha ulinzi cha TPM 2.0. Yako ni ya kizazi cha sita. Fundi aliuruka ukaguzi, jambo linalowezekana, lakini Microsoft wameandika waziwazi kwamba mashine iliyoingizwa kwa njia hiyo haina dhamana ya kupata apdeti. Kwa hiyo ulihamishwa kutoka Windows 10 kwa hoja ya usalama, ukapelekwa pahala ambapo usalama huo hukuahidiwa. Sisemi alikukusudia ubaya. Nasema hesabu yake haikukamilika.

Mwanao naye hakusema uongo. Windows 7 ni nyepesi kweli, na niliipenda kuliko zote nilizowahi kupiga. Lakini ilitoka mwaka 2009, na tangu tarehe 14 Januari 2020 Microsoft waliacha kuizibia matundu ya usalama. Chrome nayo iliacha kuihudumia mwaka 2023, mwisho wake toleo la 109, na wateja wako wanaokuja kujaza fomu za kazi na za mikopo ya elimu mtandaoni watakuta kurasa zinagoma au zinakuja nusu.

Na usisahau kazi yako ni kazi gani. Kompyuta ya nyumbani inaingizwa flashi moja au mbili. Ya steshenari inaingizwa flashi ya kila mpita njia: ya mwanafunzi, ya karani wa sheha, ya kijana aliyetoka kuchapa barua duka la pili. Unazijua zile flashi ambazo folda zake zote zimegeuka shotikati. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilizunguka nchi zaidi ya 150, kikifunga mafaili ya watu na kudai malipo. Tundu kilichopitia lilikuwa limeshazibwa na Microsoft tangu Machi mwaka huo. Waliopatikana ni wale ambao hawakuweka apdeti, na sehemu kubwa kabisa ya mashine hizo zilikuwa za Windows 7. Siwezi kukuwekea mitihani ya watoto kwenye mashine ya namna hiyo.

Tena kuna kikwazo kingine, na kinaigusa mashine yako khasa. Kuanzia kizazi hicho hicho cha sita Intel waliondoa kile kidhibiti cha zamani cha USB ambacho Windows 7 inakijua, wakabakisha cha USB 3 peke yake. Ukianza kupiga Windows 7 utafika ukurasa wa kwanza wa kuchagua lugha, na pale pale kibodi na mausi zinakufa. Zina umeme, lakini Windows 7 haina draiva ya kuziona. Nimeletewa mashine kadhaa zilizoachwa hapo njiani, mwenyewe akidhani ameua mashine.

Basi tukabaki na 10. Ni kweli msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo fundi wako alilisikia sawasawa. Lakini Microsoft wameiongezea apdeti za usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa anayejiandikisha, na unaweza kujiandikisha bila kulipa ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo. Sharti Windows 10 yako iwe toleo la 22H2, ambalo ndilo la mwisho. Antivairasi yake ya ndani, Defender, wamesema itaendelea kuletewa taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028. Kwako wewe huu ni muda wa kuweka akiba ya mashine ya kizazi cha nane au zaidi, bila duka kusimama.

Sasa kwa nini diski mpya. Miaka mingi nyuma, nikiwa bado na papara ya kumaliza kazi tatu kwa siku, niliirudisha nyuma Windows ya mpiga picha wa harusi. Nilijihami, picha zake zote nikazinakili kwenye diski ya nje, nikaiacha imechomekwa. Kwenye ule ukurasa wa kuchagua diski zilitokea mbili, “Drive 0” na “Drive 1”. Nikaamini kwamba 0 ni ya ndani. Nikafuta sehemu zake zote, kisha nikafuta na za ya pili kwa kudhani ni mabaki ya Windows ya zamani. Ukubwa wake ulikuwa umeandikwa pale pale mbele yangu na sikuusoma. Nilirudisha baadhi ya picha kwa programu ya kufufulia mafaili. Harusi mbili hazikurudi, na mmoja wa mabibi harusi alikuja mwenyewe dukani kuniuliza. Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo sipigi Windows kwenye diski yenye kazi ya mtu, na wakati wa kupiga, ndani ya mashine hubaki diski moja tu, ile tupu. Nyingine yoyote naichomoa waya.

Kwa hiyo nunua SSD ya inchi 2.5 aina ya SATA, GB 240 au 256 inakutosha. SSD haina sindano wala sahani, na mabadiliko yake utayaona siku ya kwanza kuliko kitu kingine chochote utakachokibadilisha kwenye mashine hiyo. RAM ikiwezekana iongeze ifike GB 8, ila kwanza itoe iliyomo uisome: mashine za kizazi cha sita nyingine zinatumia DDR4 na nyingine DDR3L, na haziingiliani. Ukishaitoa, futa meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli, upulize vumbi, uirudishe mpaka isikike inabana. Hewa yetu ya bahari inakula meno hayo, na nimeona mashine zikiganda kwa sababu hiyo peke yake. Kabla ya kugusa chochote, chomoa waya wa umeme na ushike chuma cha sanduku. Na ukiwa humo ndani, badilisha ile betri ya mviringo kama kidonge, CR2032. Ikiwa imechoka, tarehe ya mashine inarudi nyuma miaka, na hapo tovuti zinakataa kufunguka ukadhani Windows mpya ndiyo mbovu.

Windows 10 ipakue kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Faili lake linakaribia GB 6, kwa hiyo panga bando au nenda kwa mwenye mtandao mzuri. Utahitaji flashi ya GB 8, na kila kilichomo kitafutwa, kwa hiyo isiwe moja ya zile mbili za mitihani. Usikubali CD ya mtu aliyoirekebisha mwenyewe, na usikubali kreki ya kuvunja leseni. Kreki ikikuambia uzime antivairasi kwanza, imeshakuambia ilichokuja kufanya. Wala huihitaji: ikiwa Windows 10 ya mwanzo ilikuwa na leseni halali, Microsoft wanaitambua kwa ubao mkuu wa mashine, wala kubadili diski hakuiharibu. Ukiulizwa ufunguo, chagua kwamba huna, uendelee. Cha kuangalia ni kupiga aina ile ile, Pro kwa Pro au Home kwa Home. Ukiunganisha mtandao itajithibitisha.

Kupiga kwenyewe ni kazi nyepesi sasa. Diski ya zamani iko nje, SSD iko ndani, yupiesi imechajiwa, maana umeme ukikatika katikati itakubidi uanze upya. Washa huku unagonga F12 kama mashine ni Dell au Lenovo, F9 kama ni HP, uchague flashi yako, na ikiwa jina lake limetokea mara mbili chagua lenye neno UEFI mbele kama unapiga biti 64, au lile lisilo na neno hilo kama unapiga biti 32. Itakapojizima na kuwaka mara ya kwanza, usibonyeze kitufe chochote, ama sivyo itaanza tena mwanzo. Ikimaliza, tia apdeti zote, jiandikishe kwa ile nyongeza ya usalama, kisha ndiyo printa.

Ndugu wenye laptopu mpya wanaosoma hapa, ninyi mna jambo moja zaidi. Nyingi hujifunga kwa BitLocker, yaani kufuli la diski la Windows, bila mwenyewe kujua, khasa akiwa ameingia kwa akaunti ya Microsoft. Kabla hamjagusa chochote tafuteni ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye akaunti hiyo na muuandike kwenye karatasi. Bila huo, diski mliyoitoa itabaki kufuli.

Nilisema nitaurudia uamuzi wa printa. Ikiwa draiva yake ni ya biti 32 tu, unaweza kupiga Windows 10 ya biti 32 na printa itafufuka. Gharama yake ni kwamba Windows hiyo haivuki GB 4 za RAM, na kwa kweli utatumia kama 3 na kitu, kwa hiyo usitupe pesa kuongeza RAM. Mimi ningekuwa na duka lako, na printa hiyo wino wake ni rahisi na inachapa vizuri, ningechukua biti 32 pamoja na SSD, nikaendelea hivyo huku nikikusanya. Printa inayokulisha haitupwi kwa sababu ya draiva. Lakini ikiwa tayari inakwamisha karatasi na ulikuwa unafikiria kuibadilisha, basi piga biti 64, uongeze RAM, ununue printa nyingine.

Mafaili yako utayachukua mwisho. Nunua ule waya wa kugeuza SATA kuwa USB, uichomeke diski ya zamani kama flashi, ufungue folda ya Users na ndani yake jina lako. Windows ikisema huna ruhusa, bonyeza kuendelea na usubiri. Chukua dawati, nyaraka, vilivyopakuliwa na picha. Fungua mitihani miwili mitatu uisome mpaka ukurasa wa mwisho. Kuona jina la faili limekuja hakutoshi.

Kisha ile diski iandike tarehe, itie kwenye bahasha ya kaki, iweke pahala pakavu mbali na dirisha la upande wa pwani, na usiitumie kwa kitu kingine mpaka skuli zote mbili ziwe zimefanya mitihani na kusahihisha. Na usininunulie kadi wala usinitumie chochote. Nitumie tu nambari ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha nyuma ya printa, nikutafutie hiyo draiva mwenyewe.